Kumfuata Fundi wa Swichi Hadi Kidahwe

Asubuhi hiyo nilitoka kwa shangazi, mtaa wa Kasingirima, bila mpango wowote. Miguu yangu haipendi kukaa. Ndiyo iliyonitoa hata shuleni mapema. Shangazi aliniuliza mlangoni kama anitengee chakula cha jioni. Sikumjibu. Nimezoea kuondoka hivyo, naye amezoea kufunika sahani ya ugali na dagaa inayolala bila mlaji.

Nilipofika mtaa wa Gungu nilimkuta fundi wa mtandao, Hamisi, akihangaika kupakia ngazi kwenye pikapu. Nikaishika upande wa pili. Alikuwa anakwenda kituo cha kupokelea wakimbizi, mbele kidogo ya Kidahwe, maana ilikuwa miaka ile Warundi wakiingia kwa wingi. Nikamwuliza visanduku vilivyokuwa nyuma ya pikapu vina nini.

"Panda utaona," akasema. "Ila maswali mengine yabakize ya wakati wa kurudi."

Njiani alinieleza. Vile visanduku ni swichi, vifaa vya kugawa mtandao kwenye kebo nyingi. Pale kituoni kompyuta ya ofisini hurusha picha moja kwa televisheni zote za mabandani: nani anapanda basi lipi kwenda kambini. Swichi isipoelekezwa huimwaga picha hiyo kwenye kila kebo, hata pasipo na televisheni. Kebo moja iliishia chumba cha simu, ambako watu huzungumza na ndugu waliopotezana nao. Njia ya huko ilikuwa nyembamba. Picha ambayo hakuna aliyeiomba iliijaza, na sauti zikakatika.

Tulifika mchana. Mlangoni pa chumba cha simu alikaa kwenye kiti Mama Dafroza, Mrundi wa makamo. Binti yake alikuwa amepatikana ng'ambo ya ziwa, Kongo. Jana yake alipiga, mama akasikia jina lake tu, kisha mikwaruzo. Angepiga tena alasiri hiyo kwa simu ya msafiri mmoja, na msafiri huyo angeondoka nayo. Mama hakujua hata binti yuko mikononi mwa nani.

Tulipokwisha kufunga swichi tulizokuja nazo, Hamisi akaziamuru kwa kompyuta yake zisikilize: televisheni inayotaka picha iombe, ipewe, kwingine picha isiende. Tukajaribu simu, sauti ikawa safi. Tukaagiza chai. Vikombe havijaisha, televisheni zikaanza kuzimika, banda baada ya banda. Watu wakajaa ofisini wakiulizia mabasi yao. Mkuu wa kituo, mtu mpole, akaja mwenyewe.

"Fundi, rudisha ilivyokuwa. Simu zitasubiri."

Mama Dafroza alikuwa amesimama nyuma yake. "Mwanangu hawezi kusubiri, baba," akasema taratibu. "Simu si yake."

Hamisi akaomba muda kidogo. Akainamia kompyuta yake, kisha akaguna, akajicheka.

"Nimezifundisha kusikiliza, sikuweka wa kuuliza."

Kumbe swichi haitegemei ombi la zamani. Kila baada ya muda lazima pawe na anayeuliza: nani bado anataka? Televisheni hujibu. Pasipo na muulizaji, televisheni hukaa kimya, na swichi hudhani wote wameondoka, ikafunga njia. Akaichagua swichi ya ofisini iwe muulizaji. Picha zikarudi. Tulikaa tukizitazama hadi ule muda wa kuzimika ulipopita, na hakuna iliyozimika.

Alasiri simu ikalia. Nilikuwa dirishani nakunja kebo. Sielewi sana Kirundi, lakini nilielewa kwamba kila baada ya maneno machache mama aliuliza kama bado yuko, na kila mara binti alijibu.  Mama alipotoka alitushika mikono, akatuambia binti ni mzima, yuko kwa baba yake mdogo, kisha akarudi kukaa palepale mlangoni, kana kwamba kiti kile sasa ni chake.

Jioni Hamisi alibaki kumalizia kazi, nami nikarudi Kidahwe kutafuta pa kulala. Nyumba ya wageni ilikuwa na chumba kimoja kilichobaki, kitanda na chandarua. Sijavua viatu, mama mwenye nyumba akapita akigonga kila mlango, akiuliza nani anakula.

"Nipo, mama," nikajibu. "Niwekee."

Kisha nikampigia shangazi. Nikamwambia niko Kidahwe, asinitengee. Akauliza:

"Na kesho?"

Nikasema sijui.

"Basi kesho nitakuuliza tena."