Rudasingwa na Mabinti wa Welisi

Rudasingwa ana miaka hamsini na minne, na hajui kufanya jambo nusunusu. Alipokuwa akichunga ng'ombe milimani Minembwe, mashariki mwa Kongo, alimjua kila mmoja kwa jina, na mama yake, na bibi yake. Sasa yuko Louisville, Marekani, anapanga maboksi kwenye depo ya Jeffersontown, na Jumamosi asubuhi anakwenda chuoni, maana ameapa kupata diploma. Muhula huu mwalimu kampa insha: jinsi Wanormani, watu wa vita kutoka Ufaransa, walivyoibadilisha nchi ya Welisi, jirani ya Uingereza, miaka kama mia tisa iliyopita. Jamani, Welisi! Mzee wa watu alikuwa hajaisikia hata kwenye redio.

Kitabu ni cha Kiingereza kigumu, kwa hiyo msomaji ni binti yake Isaro, anayehudumia wazee na ana shida yake mwenyewe. Anampenda Cubaka, kijana wa Bukavu, Mshi kwa kabila, anayekaa Black Rock, kule Buffalo. Mara mbili Cubaka ameomba wazee wake waje kuposa, mjomba wake wa Columbus akiwa msemaji. Mara mbili Rudasingwa amekataa kuwapokea. Si Mnyamulenge, si mtu wetu, kasema, basi. Na Isaro hatoroki kwenda kuolewa. Bila neno la baba, ndoa hakuna.

Wiki ya kwanza masomo yalikuwa matamu. Wanormani walijenga ngome, wakaleta magulio na watawa wao. Wawelisi wengi walibaki milimani na mifugo yao, na hata damu ya mtu waliilipa kwa ng'ombe. Hapo mzee akachangamka, akasema hao ni watu wenye akili. Aliposikia kwamba Wawelisi waligawa ardhi ya marehemu kwa wana wote, na Wanormani wakampa mkubwa peke yake, aliwachukia Wanormani utadhani wamemdhulumu yeye.

Wiki ya pili wakafika kwenye ndoa. Mabwana wa Kinormani walioa mabinti wa wakuu wa Welisi, mmoja baada ya mwingine. Rudasingwa akapiga meza.

"Umeona? Ngome zilikuwa kelele tu. Inchi waliichukuwa kwa posa."

Akaamuru hiyo iandikwe kuwa hoja ya insha. Isaro akaandika, kauma meno. Mzee mkaidi vile, nani amwambie?

Ila ukurasa ulikuwa haujaisha. Isaro akaendelea na habari za watoto wa ndoa zile. Walizijua desturi za kwa mama na za kwa baba. Wanormani wakawaona kuwa ni Wawelisi, Wawelisi wakawaona kuwa ni Wanormani, na hakuna upande uliowaamini.

Baba akamwomba arudie. Akarudia. Mzee akavua miwani. Yeye alizaliwa Kongo, na baba yake, na babu yake, na bado aliitwa mtu wa kuja mpaka siku nyumba yao ilipochomwa. Ilimuuma, na bado inamuuma.

"Ule mutoto minamujua," akasema. "Ni miye."

Isaro akafunga kitabu. Baba yake akaomba namba ya Cubaka, akapiga mwenyewe, akamwambia alete wazee Jumapili, kanisa likiisha. Kijana akaanza kushukuru, mzee akamkata.

"Bon, sikiliza. Batoto benu mubafundishe Mashi na Kinyamulenge, yote mbili. Na mutu akibauliza beko ba nani, baseme beko ba Rudasingwa."