Shikamoo Niliyoipokea Getini

Haya, cheka mapema umalize, maana mimi mwenyewe nikikumbuka hadi leo najifunika khanga usoni, na pale Mbegani nikipita bado wapo wanaoniita "Marahaba" badala ya Rukia.

Nilikuwa nimepata kazi ya afisa utumishi kwenye shirika dogo la kupanda mikoko, nipo kwenye miezi ya majaribio, na mkurugenzi akaniambia mfadhili anamtuma mkaguzi kuhakikisha kila mfanyakazi ana haki ya kuajiriwa: kitambulisho cha taifa, mkataba, na kwa wageni kibali cha kazi. "Majalada yakipita, Rukia, nakuthibitisha." Jamani, nilipagawa! Nikanunua mafaili mapya ya rangi (hela yangu mwenyewe, mjinga mimi), nikatangaza Ijumaa mbele ya watu wote kwamba asiye na karatasi zilizotimia hana kazi, nikazunguka ofisini kama bi harusi siku ya kutolewa nje.

Wote wakaleta isipokuwa mlinzi wetu, Mzee Shomari Kondo, ambaye alikuwa likizo kwao Mkange, arudi Jumatatu, siku ileile ya ukaguzi. Fomu ilisema wazi kabisa: weka tiki ukishaona kitambulisho HALISI. Sasa mimi na haraka zangu nikafungua kabati la zamani, nikakuta kopi imeandikwa Shomari, ukoo Kondo, picha nyeusi tii kama sufuria ya kuni, nikasema si huyu huyu, nikaweka tiki. Tiki moja tu, wallahi!

Halafu jicho likaangukia mwaka wa kuzaliwa. Nikahesabu kwa vidole, nikarudia kwa simu. Mzee Shomari, mwenye ndevu nyeupe, niliyekuwa namwamkia kila asubuhi kwa adabu zote, nimemzidi miaka mitano! Kuhusu mvi sikujiuliza (mjomba wangu alianza mvi yuko kidato cha nne). Ningenyamaza yangeishia hapo, lakini mimi na kunyamaza wapi na wapi, nikaipeleka habari kwenye chai, na Mwajuma mhasibu akamwaga maandazi kwa kicheko.

"Ehee! Kumbe unamwamkia mdogo wako! Dai shikamoo zako zote, shoga, na za nyuma!"

Alikuwa ananitania. Mimi nikachukulia ni ushauri.

Jumatatu nimefika nimependeza, moyo unanidunda kwa furaha, na mkaguzi, mama mtu mzima kutoka Dar, anashuka kwenye gari nyuma yangu. Mzee Shomari akafungua geti. Nikasimama katikati, faili lake kifuani, sauti juu ili na Mwajuma asikie: "Shomari, hujambo? Siku hizi wakubwa hawaamkiwi?"

Yule mzee akanitazama, akalitazama faili, akavua kofia yake, akasema, "Shikamoo."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikaitikia, "Marahaba!" Tena nikaivuta.

Ndani mambo yalikwenda vizuri, faili la kwanza safi, la pili safi, nikaanza kuona barua yangu ya kuthibitishwa inakuja, mpaka mama akafika kwa Kondo. Akasoma, akanyanyua macho. "Huyu si yule aliyetufungulia geti? Hebu mwite, aje na kitambulisho chake."

Mzee akaja, akakitoa kwenye mfuko wa nailoni, akakiweka mezani kwa mikono miwili. Namba tofauti. Jina la baba tofauti. Mwaka ndio usiseme: amenizidi miaka kumi na saba!

"Hii kopi ni ya binamu yangu," akasema taratibu. "Aliwahi kufanya kibarua hapa kwenye vitalu. Sote tulipewa jina la babu."

Mama akageuza fomu, akaweka kidole kwenye tiki yangu. "Hapa umeandika umekiona halisi. Ulikionea wapi?"

Nilitamani sakafu inimeze. Faili likakataliwa, ikaagizwa wafanyakazi wote wahakikiwe upya, na mkurugenzi, bila hata kunitazama, akaniongezea miezi mitatu ya majaribio. Barua ya kuthibitishwa ikaota mbawa.

Nilimkuta Mzee Shomari kibandani kwake, nikapiga magoti pale pale kwenye mchanga na gauni langu jipya, nalia kama mtoto. "Baba, nisamehe. Lakini mbona hukunikatalia? Ungenitukana tu!"

Akaniinua. "Mwanangu, niliambiwa ulichokisema Ijumaa, na asubuhi ile faili langu lilikuwa mkononi mwako. Nina watoto wawili wanasoma. Ningekataa shikamoo moja halafu niwaambie nini?"

Maneno yale yaliniuma kuliko ile miezi mitatu. Tangu siku ile sina tena tiki ya kukisia: mtu analeta kitambulisho halisi, nakishika, nakisoma mpaka mwisho. Na mwaka wake wa kuzaliwa nikishauona, hata unilishe maandazi ya Mwajuma sahani nzima, hunisikii nikiutamka.