Buti Zenye Kiraka Chekundu

Hebu mwone Paskazia anavyokuja, msomaji wangu: mama wa makamo, khanga kiunoni, anashuka kwa miguu kutoka Mkuyuni asubuhi na mapema, kisu chake kimeviringishwa kwenye gazeti. Mwaka wa nne huu anakata minofu ya sangara kiwandani kule ziwani, na miaka yote hiyo ni kibarua wa siku. Zamani, kwenye kiwanda cha serikali, kumwondoa mtu kulitaka barua na kikao. Huku kwa mwekezaji kunataka mkono wa Machibya tu, msimamizi. Anatoka getini na buti nyeupe za mpira. Ukirushiwa, leo una kazi. Usiporushiwa, geuza.

Jana Getruda, mwenzake wa mezani, alijikata kiganja, Machibya akamwambia ajifunge kitambaa aende zake. Paskazia akaweka kisu mezani.

"Mpelekeni hospitali! Huyu ni mtu, si sangara!"

Getruda alipelekwa. Lakini leo buti ziliruka, zikaruka, na Paskazia bado kasimama peku.

"Machibya, mimi hunioni?"

"Shikamoo, mama." Alikuwa anacheka. "Saizi yako imekwisha."

"Marahaba. Na hizo ulizoshika? Hicho kiraka chekundu kisiginoni nilikibandika mwenyewe, kwa mpira wa baiskeli."

"Buti ni za kiwanda, mama. Chako ni kiraka. Kibandue uende nacho."

Watu wakacheka, kile kicheko cha kuogopa. Paskazia akapaza sauti.

"We Machibya! Ulikuja hapa hujui hata kushika kisu. Nani alikufundisha?"

Kicheko kikamkauka Machibya. Akazirusha zile buti kwa Odeta, binti jirani ambaye Paskazia mwenyewe alimleta kiwandani mwezi uliopita, akamfundisha kukata bila kupoteza nyama.

Odeta akazidaka. Akabaki amezikumbatia.

"Ma'mdogo, nifanyeje?"

Paskazia alifungua mdomo. Akisema vaa, ameyameza matusi yote mbele za watu. Akisema usivae, kesho Odeta naye atakuwa nje, na kwao anategemewa yeye tu. Basi akakiviringisha upya kisu kwenye gazeti.

"Nafunga geti!" Machibya akapiga kelele.

Sasa niambie wewe uliyekaa nami mpaka hapa: ungekuwa Odeta, ungezivaa?