Tablo Ndani ya Tablo, na Mapasa wa Kinkondja

Siku yangu ya kwanza kazini, shefu wa bilo ya chanjo hapa Kamina alinionyesha ordinateri moja na kiti kilichovunjika mgongo, akaniambia niandike programu. Wanaume wa bilo walidhani huyu mama amekuja kupika chai. Haya, tuliona.

Ninyi vijana mnaniuliza kila mara namna ya kupata ukubwa wa tablo. Tablo ni safu ya visanduku, na fonksio ya ukubwa inakuambia visanduku viko vingapi, basi. Kisanduku kikiwa na tablo ingine ndani, haina habari, inahesabu kimoja na kupita. Ukitaka vyote, fungua kila kisanduku, na utakachokuta ndani ukifungue vilevile, mpaka ufikie kitu kisichofunguka. Inachosha, na minyi sina subira, lakini njia ingine haiko.

Sasa, kule Kinkondja, ziwani, mama haulizwi batoto wako ngapi. Kuhesabu batoto ni kuita mabaya. Anataja majina, mwandishi wa bilo anayepita nyumba kwa nyumba anaandika. Mwaka wangu wa mwisho kazini, surua ilikuwa inakaribia ziwa. Niliweka kambi za wavuvi kwenye tablo, ndani ya kambi nyumba, ndani ya nyumba majina, nikafungua vyote mpaka chini. Shefu akaagiza dozi, moja kwa kila jina.

Roho yangu haikutulia. Nikaanza kusoma majina kwa macho, nikakuta nyumba moja imeandikwa "Mapasa", na ingine, na ingine. Kwetu mapasa, pacha, majina yao ni Kyungu na Kabange siku zote, nani atapoteza pumzi kuwataja? Waandishi walikuwa vijana wa kulekule, wakaandika neno moja. Kwa mashine, jina moja, mutoto mmoja. Nikakimbia mpaka kwa shefu. Gari la kupeleka dozi Bukama, kukutana na mtumbwi wa ziwani, lilikuwa limekwisha kuwashwa.

"Mashine imesema," akanijibu. "Weye unataka nisimamishe safari juu ya neno moja?"

"Shefu, ile neno iko batoto babili."

Akasema dozi zilizopungua zitaenda na safari ya pili. Nililia kwa hasira mbele ya bilo nzima, na gari likaondoka.

Muuguzi wa safari ile aliporudi alinisimulia. Kwenye nyumba moja alikuwa na dozi moja, na mapasa wawili mbele yake. Mama yao akakataa kuchagua: kinachofanyiwa Kyungu, Kabange naye afanyiwe. Akawachukua wote wawili, akaingia nao ndani, hakuna aliyechanjwa. Surua ikafika kabla ya safari ya pili.

Leo niko pensheni, na watu wanadhani nimepumzika. Wapi! Kijana akiniambia amepata ukubwa wa tablo yake, namuuliza amefungua mpaka wapi, na mara nyingi tunagombana. Sokoni, upande wa samaki wakavu, kuna mama aliyehamia hapa kutoka Kinkondja. Kila muntu anamwita Mama Mapasa, naye anaitika, amemshika Kabange kwa mkono mmoja, mkono mwingine mtupu.