Kikombe Kilichofunikwa

Mume wangu alikwenda Muyinga kila mwezi kuchukua vitenge vilivyovuka kutoka Tanzania, na kila alipotoka mlangoni, mama yake alimzika.

Sitanii. Tulikaa Yoba, pale Gitega, mimi na mume wangu na binti yetu mchanga na mama mkwe, miaka ile ya vita ambayo magari hayakuthubutu kushika barabara bila msafara wa askari. Mwanawe akishavaa kofia na kuaga, mama mkwe alichukua kikombe cha chai alichonywea mwanawe, akakisuuza, akakifunika kifudifudi kwenye sinia. "Voilà," alisema, kwa sauti ya mtu anayeulizia chumvi. "Huyu amesha kufa." Kisha akaenda kuchambua maharage. Mwanawe akirudi, mama alikigeuza kikombe, akammiminia chai na kucheka mpaka machozi.

Nilimchukia kwa jambo hilo. Mimi nilikuwa mtu wa kutumaini, na nilitumaini kwa hasira. Nilimpikia aliye safarini, nikamtengea sahani, nikategea sikio kila lori lililopanda mlima. Usingizi ukanikimbia, maziwa yakaanza kukauka kifuani. Majirani waliniambia subira huvuta heri. Nilitamani kuwatupia mwiko. Mama mkwe yeye alikula, akasali, akamchezea mjukuu wake.

Siku moja nilimfokea. "Mama, utamwitia kifo!"

"Mwananje, mwanangu," alinijibu, "kifo haiitwi, iko inajua njia. Baba yake alitoka hapa, mi nikamungojea na matumaini kila siku, mpaka nikasahau kulea. Huyu mutoto alilala njaa mbele ya sahani ya baba yake. Sasa mi nazika kwanza. Akirudi, ni zawadi."

Sikumwelewa, au sikutaka.

Safari moja mume wangu alitakiwa arudi Ijumaa. Ijumaa ikapita bila gari. Jumamosi akaja mama mmoja wa Kivu, Mkongomani aliyeuza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni, viatu vimejaa matope. Alikuwa kwenye msafara mmoja na mume wangu. Walishambuliwa karibu na Mutaho, watu wakakimbilia migombani.

"Bwana yako nilimuona anashuka ku lori," aliniambia. "Kisha hapo sikumuona tena. Pole, dada."

Nilingoja hadi Jumatatu. Siku hiyo ukungu ulishuka Gitega na haukuondoka. Hata mlango wa jirani haukuonekana. Binti yangu alivuta ziwa tupu, akalia bila machozi. Nikamtazama yeye, nikaitazama sahani ya baba yake, ugali umekauka na kupasuka. Mtoto mwenye njaa mbele ya sahani ya baba yake. Liwalo na liwe, nikasema. Nikawamwagia kuku ule ugali, nikaosha sahani, nikaifunika kando ya kikombe.

"Amekufa," nikatamka kwa sauti.

Hakuna kilichotokea. Ila nilipokiinua kidogo kile kikombe, kilichofunikwa kikavu tangu siku alipoondoka, ndani nilikuta umande, kama mtu amepumulia humo. Nikakirudisha polepole.

Nililala mchana kweupe. Nilipoamka, maziwa yalikuwa yamelowesha kanga. Naona haya kulisema, lakini nilikuwa na furaha, furaha ya baridi isiyomngoja mtu. Alasiri tukakaa uani, mtoto akinyonya, mama mkwe akinisimulia jinsi mwanawe alivyomfuga utotoni kuku asiyetaga na kukataa achinjwe. Tulicheka mpaka nikashika mbavu.

Ndipo nikamwona mume wangu kwenye mlango wa ua, ndani ya ukungu, miguu mitupu, hana mzigo. Sikushtuka. Nilimtazama tu, nikisubiri apotee, jinsi marehemu wanavyopotea ndotoni. Mama yake naye hakuinuka. Kumbe alikuwa amesimama pale muda mrefu, akiona aibu kuingia mikono mitupu. Alitusikia tukicheka. Aliviona kikombe na sahani vimefunikwa kwenye sinia kando yetu.

"Mama," aliuliza, "mi nilikufia wapi?"

"Ku barabara ya Mutaho," mama yake akajibu. "Ijumaa."

"Vitenge vyote vimepotea. Nimeshindwa, mama. Sina kitu."

"Mufu hana muzigo. Ingia, we ukule."

Akakigeuza kikombe, akamimina chai. Nilimgusa mume wangu mkono. Ulikuwa baridi, halafu ukapata joto, na hapo ndipo nililia, kilio cha siku zote zile.

Mwezi uliofuata aliondoka tena, aanze upya. Alimaliza chai yake. Kabla mama yake hajanyoosha mkono, alikisuuza kikombe mwenyewe, akakifunika kwenye sinia.

"Nenda salama, marehemu," nikamwambia.

Tulimsikia akicheka mpaka barabarani.