Mama alirudishwa kanisani kwa wimbo, hakuna aliyeshika kalamu

Wakuu, heshima zenu.

Niko Farsta hapa Stockholm, nimechoka hadi mgongo unalalamika, ila hili lazima nilitoe. Mwenye kutaka chai apite uzi wa jirani, humu ni kweli tupu.

Kazi yangu ya ajabu kidogo. Waingereza wana kumbukumbu za makanisa yao za mamia ya miaka, zimeandikwa kwenye ngozi za kondoo, panya wamekula, wino umefifia. Tunatumiwa picha, tunasoma Kilatini chake, tunachapa, kinatoka kitabu. Kilatini nilikisomea chuo hapa hapa, msinicheke.

Nyingi ni kesi za mahakama ya askofu. Kuna mama mmoja, Alis, kaitwa ajieleze kwa kuishi na mwanaume bila ndoa. Halafu kurasa zinakatika. Nimetafuta mwisho wake mpaka macho yakauma. Haupo.

Sasa kanisa letu la Waswahili kule Skärholmen, hapa hapa mjini, nalo likataka kitabu cha historia yake. Mchungaji wetu, Mkongo mpole sana, akanibebesha madaftari ya vikao. Si mimi ndiye mtaalamu?

Humo nikamkuta mama yangu. Ametengwa, kosa lile lile la Alis. Aliishi na baba yangu wa kambo kabla ndoa yao haijabarikiwa.

Siri haikuwa, nilikuwepo. Alikaa benchi la nyuma, meza ya Bwana hasogei, na wengine salamu walikata. Iliniuma, na bado inaniuma.

Nilikuwepo pia siku aliporudishwa. Kwaya iliimba, akina mama wakapiga vigelegele, tukala wali. Katibu wa vikao mwenyewe alikuwa anacheza. Kwenye daftari hakuna hata mstari.

Yaani kwa maandishi, mama bado ametengwa mpaka leo.

Mchungaji akashauri tuuruke ukurasa huo, kulinda heshima yake. Nikakubali, nguvu za kubishana sikuwa nazo. Ila nikaona mama mwenyewe ajue.

Mama siku hizi anaumwa, hatoki sana. Nilimkuta anachambua lengalenga, yaani mchicha. Akanisikiliza, akaweka kisu chini.

"Mkiniruka mtakuwa mmenitenga mara ya pili, mwanangu. Andikeni nilivyotoka, halafu andikeni nilivyorudi."

Nikamweleza kwamba mhariri haruhusiwi kuongeza kisichokuwemo kwenye daftari.

"Kwani walioniimbia wamekufa wote?"

Hawajafa. Jumapili baada ya ibada nikazunguka na kalamu. Akina mama wakasimulia, wakabishana ubeti gani ulianza. Yule katibu, siku hizi anatembelea fimbo, akatia saini maelezo hayo huku analia. Daftari sikuligusa. Ukurasa umebaki, mchungaji karidhia, na maneno yao yameingia kama tanbihi chini ya ukurasa, na majina yao.

Nikamsomea mama. Akaomba nirudie. Nikarudia. Akasema sasa amerudi, akaendelea na mboga zake.

Kesho yake nikafungua tena ukurasa wa Alis. Nikaandika: mwisho wake haujulikani. Labda naye aliimbiwa, lakini wa kumuuliza hayupo.

Nilichojifunza wakuu: wepesi wetu wa kuandika anayetolewa ni wa kutisha. Kama wewe ni katibu, kanisani, msikitini au kwenye kikoba, siku mtu akirudi, cheza baadaye. Andika kwanza.

Huko kwenu anayerudi huwa anaandikwa? Nambieni, nitawasoma wote nikishapumzisha macho.