Tablet yangu iliganda kwenye hitima, jina la Abdala halikusomwa

Wakuu, salaam zenu, wa huku na wa ng'ambo ya Ruvuma.

Mimi niko upande wa Msumbiji, Mocímboa da Praia. Nina kibanda cha fotokopia: nachapa, naskani, nalaminisha vitambulisho. Haya yamenitokea mwenyewe, sikuhadithiwa wala sijatia chumvi. Anayetaka kunicheka anicheke, mimi nimeshajicheka mpaka nikalia.

Kwetu kila Shaabani, kabla ya kufunga, ukoo unakutana kusoma hitima. Kuna daftari la marehemu babu lenye majina ya wafu wetu wote. Baada ya alasiri linasomwa jina kwa jina, watu wanaitikia amin, na magharibi ikiingia tunafunga dua. Jina likisomwa mle, basi tumekubali kwamba mtu huyo ametangulia.

Mwaka jana kulikuwa na jina jipya.

Abdala, mtoto wa mama mkubwa wangu, Bi Fatu. Tumekula sahani moja mimi na yeye. Wakati wa vita, watu wakikimbilia visiwani, chombo chao kilipinduka. Mwenzake aliyenusurika alikuja kutuambia amemwona akizama. Maiti haikuonekana.

Mama mkubwa hakukubali. Kila akipika alimpakulia mwanawe, akaifunika sahani kwa kawa. Tulimbembeleza miaka miwili. Siku aliyosema "haya, mwandikeni," niliyeandika ni mimi, ukurasa wa mwisho kabisa.

Akasema, "Nikilisikia linasomwa mbele za watu, sahani nitaacha kuweka."

Sasa, daftari lenyewe limechakaa, na msomaji wetu, Babu Saidi, mdogo wake marehemu babu, macho hayamsaidii tena. Nami ndiyo kwanza nimenunua tablet, kioo chake kinaonyesha mpaka vinyweleo vya mtu. Nikajifanya fundi. Nikaliskani daftari zima, rangi, ubora wa juu kuliko wote, kurasa tisini na kitu, nikazitia zote kwenye PDF moja. Nia ilikuwa Babu azikuze herufi asome bila taabu.

Ujinga wangu uko hapa. Dukani nilijaribu kurasa tatu za mwanzo tu. Zilichelewa kidogo, nikasema aa, itazoea. Itazoea nini? Kwani ni mtoto kaanza chuoni leo?

Daftari nikaliacha nyumbani Mocímboa, eti lisichanike njiani. Hitima ilikuwa Namoto, mbali huko mpakani, kwa Babu.

Siku ikafika. Wanaume barazani, wanawake ndani nyuma ya pazia, mama mkubwa kakaa karibu na mlango ili asikie vizuri. Mimi ubavuni kwa Babu, nimeshika tablet, kifua mbele. Vijana wananyoosha shingo kuiona.

Ukurasa wa kwanza ukaja na ukungu, kisha ukasafika kidogo kidogo, vipande vipande. Babu akasoma. Wa pili hivyo hivyo. Kila ukurasa anangoja, anakohoa, watu wanatazamana.

"Mjukuu wangu, mbona wamelala hawa?" akaniuliza. Watu wakacheka. Nami nikacheka.

Kufika wa arobaini na kitu, kioo kikawa cheupe. Kijiduara kinazunguka tu. Nikagusa, nikagusa tena, PDF ikajifunga yenyewe. Nikaifungua, ikaanza mwanzo. Nikaruka kwenda mwisho, ikaganda. Jasho linanitoka, na hakuna hata joto.

(Baadaye ndiyo nikaelewa. Kila ukurasa ulikuwa picha nzito mno, na kioo kama kile kinadai kazi kubwa kuzichora, memori yenyewe ndogo. Mimi nilidhani kioo kizuri ndiyo kila kitu.)

Jua likazama. Babu akanishika mkono. "Basi, mwanangu." Akainua mikono, akawaombea wote tuliowataja na ambao hatukuwataja. Adhana ikaadhiniwa.

Baada ya swala mama mkubwa akanijia.

"Abdala sijamsikia."

"Mama, tablet ilikwama. Yupo, yuko mwisho."

Wallahi hakuwa na hasira. Alikuwa anatabasamu, na hicho ndicho kinachoniuma. Akasema, "Siku yenyewe ilipofika, jina halikutoka. Mwanangu yuko hai. Lifute."

Usiku ule akapakua sahani mbili.

Nilirudi kwake mara mbili, na daftari lenyewe mkononi. Hataki hata kulitazama. Watu wa nyumbani wanasema sasa akisikia pikipiki inasimama nje anatoka kuangalia.

Kwenye PDF somo ni rahisi. Punguza ubora wa picha, maandishi hayahitaji makubwa hivyo. Kata faili vipande. Jaribu kurasa zote kwenye kifaa kile kile utakachotumia, na karatasi asili uwe nayo karibu. Mimi nimeshafanya hayo yote. Leo nikigusa, ukurasa wa Abdala unafunguka kabla sijainua kidole.

Lakini sikuja hapa kwa ajili ya PDF.

Mimi nilikuwa nimekaa ubavuni kwa Babu. Jina nililiandika kwa mkono wangu. Nalijua, na la baba yake nalijua, na la babu yake. Nilikuwa na mdomo. Ningesema tu "Abdala bin Hamisi," Babu angelisoma, watu wangesema amin, na mama mkubwa angelia kilio chake akakimaliza. Sikukumbuka. Nilikuwa natazama kijiduara.

Shaabani inakuja tena, na jina sijalifuta. Mama mkubwa kasema atakuja, ila anakuja kwa ajili ya wengine.

Nilisome, wakuu, au nimwache na sahani yake? Mwenye mama aliyepitia haya anijibu. Matusi nayo nitayasoma.